Jicho la Kapu

Saa tisa na dakika arobaini usiku, Sendai.
Nje theluji inaanguka bila haraka,
ndani pampu inakoroma kama mgeni aliyeshiba
na heliamu inashuka mabombani
kwenda kukipoza kijiwe cha kijani
kisichofika ukubwa wa punje ya mtama.

Nakisubiri kiamue.

Chuma nakijua. Chuma hakina siri.
Nilipokuwa na miaka tisa nilining'iniza msumari kwa waya,
sumaku ikauvuta, ukakaa mshazari,
nikauwashia moto wa gesi.
Ukawa mwekundu, ukawa rangi ya chungwa,
kisha ghafla ukaachia,
ukabembea, ukaunguza pazia, nami nikachapwa.
Ulipopoa ukarudi kwenye sumaku kama aliyetubu.
Ndivyo vilivyo vitu vingi: joto huvitawanya,
baridi huvirudisha mstarini,
na kati ya hapo ipo digrii moja, moja tu,
ambapo wasiosikilizana hugeuka kwa pamoja.

Hiki cha kijani ni cha ukoo mwingine.
Atomi zake za shaba zimekaa tatu tatu,
pembetatu imegusa pembetatu kwa ncha,
na katikati ya sita limebaki jicho wazi.
Kila atomi ina mshale, kila mshale una sharti:
jirani akitazama juu, mimi nitatazama chini.
Wawili huliweza hilo.
Wa kwanza juu, wa pili chini,
wa tatu je?
Akimridhisha huyu, amemuudhi yule.

Mama ufundi huu anaujua.
Kule Beppu vidole vyake vina makovu ya mianzi,
makovu ya miaka hamsini na miwili,
na makapu yake yana pembe hizi hizi, matundu haya haya;
wanafizikia walipokosa jina
walikwenda kuliazima kwa wasusi.
Siku nilipomwonyesha picha ya fuwele
aliikagua, akaigeuza juu chini,
akasema, "Aliyesuka hii hakukaza."

Baba alipofariki tuliachwa watatu na karakana moja.
Noritaka akasema iuzwe.
Mihoko akasema isiuzwe, kwa kuwa Noritaka kasema iuzwe.
Mimi nikawa wa tatu.
Jumatatu upande wa kaka,
Alhamisi upande wa dada,
simu zao zikipishana masikioni mwangu.
Mwaka wa nne huu.
Mama anasuka humo humo, katika karakana inayogombewa,
anauliza tu nani ataleta mianzi.

Kelvini moja. Nusu. Sifuri nukta moja.
Kwenye kiwambo mstari unateremka, laini, laini.
Kungekuwa na mpito ungechomoza hapa kama mwiba,
kilele kimoja chembamba,
mishale isiyo na idadi ikisema: basi, yaishe.
Bwana Urushibata, aliyenitangulia kwenye kiti hiki,
aliungoja mwiba huo miaka sita, akastaafu.

Hakuna mwiba.
Hakuna, na wala si vurugu:
wawili wanashikana, wanaachana,
wanashikana na wengine,
katika baridi ambayo hewa yenyewe ingekuwa jiwe
wao wanatiririka.
Ukikishika ni kigumu. Ndani ni maji.

Naandika daftarini: hakuna mpito.
Nakata.
Naandika: bado.

Simu inamulika mezani. Mihoko, saa hizi:
"Noritaka yuko hapa. Kaleta mianzi. Hatuongei."

Nacheka peke yangu, pampu inaniitikia.
Glavu zangu zimo kapuni, kapu la Mama,
na kitaa cha mashine kikipenya macho yake
kimechora ukutani pembetatu,
pembetatu hadi darini,
na zote zinatetemeka kidogo.